Tunaomba karatasi ya nne: barua ya wazi kuhusu uchaguzi wa meya

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kwa Waheshimiwa Wabunge wa Mkoa wa Dar es Salaam, na kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi.

Waheshimiwa, salaam.

Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura wa Dar es Salaam hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Anatia alama yake, anakunja, anatumbukiza kila moja kwenye sanduku lake, anapakwa wino kidoleni na kwenda zake. Wiki kadhaa baadaye anasikia redioni kwamba amepata meya. Hakuulizwa. Pengine hata jina hilo hajawahi kulisikia, kwa kuwa ni la diwani wa kata iliyo upande mwingine wa mji, aliyechaguliwa na madiwani wenzake ukumbini baada ya kupitishwa kwenye vikao vya chama ambavyo mwananchi wa kawaida hana pa kuingilia.

Nawaandikia kuomba karatasi ya nne. Naomba meya wa jiji na wa manispaa achaguliwe na wakazi wenyewe, kwa kura ya siri, siku ileile wanapomchagua diwani. Naomba kiti hicho kipewe kazi na fedha zinazolingana na heshima ya joho na mkufu wake. Na kwa Dar es Salaam, ambayo ndiyo naijua kwa kuishi, naomba awepo meya mmoja wa mji mzima.

Ombi hili halina haja ya kusubiri Katiba mpya. Ibara ya 145 ya Katiba ya mwaka 1977 inataka kuwepo vyombo vya serikali za mitaa, kisha inaliachia Bunge kutunga sheria ya kuvianzisha na kupanga muundo wake. Ibara ya 146 inataja madhumuni ya vyombo hivyo: ni "kupeleka madaraka kwa wananchi". Huo utaratibu wa meya kuchaguliwa na madiwani umo kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, Sura ya 288. Ni sheria ya kawaida, na Bunge limeshaigusa mara nyingi. Mwaka 2024 Bunge hilohilo lilipitisha Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, likaweka chaguzi zote tatu chini ya sheria moja. Kumwongeza meya humo ni suala la utashi tu.

Kwanini nalishupalia? Kwa sababu nchi hii imeshaona mara kadhaa nini kinatokea umeya unapoamuliwa na watu wachache waliofungiwa ukumbini.

Arusha, Desemba 2010. Baada ya uchaguzi mkuu, idadi ya madiwani wa vyama viwili vikubwa ilikaribiana mno, kiasi kwamba kura moja ilikuwa na uzito wa mlima. Ugomvi ukaangukia swali la nani ni mjumbe halali wa halmashauri, kwa kuwa miongoni mwa waliopiga kura alikuwamo mbunge wa viti maalumu aliyetokea Tanga. Upande mmoja ukaona meya kapatikana kihalali, mwingine ukaona kapachikwa. Tarehe 5 Januari 2011 watu waliingia barabarani kuandamana, polisi wakatumia risasi, na watu wakafa. Walikufa kwa ajili ya umeya ambao wao wenyewe hawakuwa na kura ndani yake. Kama wakazi wote wa Arusha mjini wangekuwa wamepiga kura ya meya Oktoba ile ya 2010, lile swali la mbunge wa Tanga lisingekuwepo kabisa.

Dar es Salaam, 2016. Vyama vya upinzani vilivyoungana chini ya UKAWA vilikuwa vimepata madiwani wengi katika uchaguzi wa Oktoba 2015. Kwa hesabu ya kawaida meya wa jiji angepatikana kabla ya Krismasi. Badala yake uchaguzi ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Mwishoni mwa Februari wajumbe walifika ukumbi wa Karimjee wakaambiwa kuna zuio la mahakama. Uhalali wa zuio lenyewe ukazua vurumai, na wabunge wakakamatwa. Meya akapatikana Machi 2016, karibu miezi mitano baada ya wananchi kupiga kura. Muda wote huo mji wenye watu zaidi ya milioni nne ulikaa bila meya, ukisubiri wapiga kura ambao hawafiki mia mbili wakubaliane orodha ya majina yao. Januari 2020 meya huyohuyo aliondolewa kwa kura katika kikao ambacho akidi yake nayo ilibishaniwa.

Simtetei mtu wala chama. Nataka tuone kasoro ilipo. Wapiga kura wakiwa mia na kidogo, kila jina kwenye orodha ni vita. Mjumbe mmoja akiugua, akikamatwa, akihama chama au akibadilishiwa halmashauri ya kupigia kura, matokeo yanageuka. Na mwenye fedha anajua pa kuzipeleka. Wenzetu wa Nairobi wanaikumbuka vizuri hali hii: kabla ya ugatuzi wa 2013, msimu wa kuchagua meya ulipokaribia, madiwani walikuwa wakikusanywa na kufichwa hotelini mbali na mji ili wasirubuniwe na upande wa pili, na kurudishwa siku ya kura.

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo linaloniuma zaidi. Meya wetu ni diwani kwanza. Kura pekee alizopewa na wananchi ni za kata yake. Yule meya wa 2016 alikuwa diwani wa Vijibweni, Kigamboni. Aliyeshika umeya wa Jiji baada ya mabadiliko ya 2021 alikuwa diwani wa Vingunguti. Ni kata za watu wanaostahili heshima zote, lakini mama wa Bunju au kijana wa Chanika hakuwahi kupata nafasi ya kumsikiliza mtu huyo akijieleza, kumuuliza atafanya nini kuhusu taka za mtaani kwake, wala kumnyima kura baada ya miaka mitano. Meya naye, akiwa mtu mwerevu, anajua nani wa kumridhisha: wapiga kura wa kata yake, ili arudi udiwani, na vikao vya chama, ili jina lake lipite tena. Sisi wengine hatumo kwenye hesabu hiyo. Silaumu. Ndivyo tulivyoupanga mfumo.

Sasa nije kwenye Dar es Salaam yenyewe.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Tumegawanywa katika halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam ambalo zamani lilikuwa Manispaa ya Ilala, kisha Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Hadi Februari 2021 ilikuwapo juu ya manispaa hizo Halmashauri ya Jiji iliyojaribu kuunganisha mambo ya mji mzima. Ikavunjwa, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Hoja iliyotolewa ni kwamba halmashauri ile haikuwa na eneo lake mahususi, na hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Chombo kile kilikuwa kimekaa juu ya manispaa nyingine bila kujulikana vizuri kazi yake inaanzia wapi na kuishia wapi. Lakini dawa ya chombo kilichopangwa vibaya ilikuwa kukipanga upya. Leo jina la Jiji la Dar es Salaam linahusu Ilala peke yake, na hakuna mtu yeyote aliyechaguliwa anayeweza kusimama akasema, "Mimi nasemea Dar es Salaam yote."

Matokeo yake tunayaona kila masika. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita katikati ya mji na kuingia baharini karibu na daraja la Salender, ukikatiza zaidi ya halmashauri moja. Uchafu unaotupwa juu unaziba Jangwani. Nyumba inayojengwa bondeni upande mmoja inawasukumia maji watu wa upande wa pili. Mto haujui mpaka wa Ilala na Kinondoni. Ni kweli upo mradi mkubwa wa bonde hilo unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ni mradi unaohitajika. Ila wakazi wa Kigogo na wa Jangwani waliotakiwa kuhama wakitaka kumuuliza mtu waliyemchagua kuhusu fidia, tarehe na pa kwenda, wamwendee nani? Diwani wao atawaambia jambo hilo liko juu yake. Mbunge atawaambia ataliuliza Dodoma.

Na taka vilevile. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko Ilala, lakini linapokea taka za mji. Gari la taka linalotoka kaskazini ya Kinondoni linauvuka mji mzima na foleni zake kufika huko, na gharama ya safari hiyo ndiyo inayofanya taka zikae mtaani mpaka zinuke. Mji wa namna hii unahitaji vituo vya kati vya kukusanyia taka na madampo ya kanda. Halmashauri gani kati ya tano itakubali kupokea taka za jirani kwa hiari, na nani mwenye kura za wote atakayesimama kuwashawishi? Dar es Salaam imekuwa nyumba ya vyumba vitano ambayo kila mpangaji anafagia mlangoni kwake na kusukumia ukumbini.

Historia yetu hapa inasikitisha. Mji huu ulipata Meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwaka 1960, na ukatangazwa kuwa jiji Desemba 1961 tulipopata uhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali za mitaa zikafutwa kwa mpango wa madaraka mikoani. Huduma za mijini zikadorora, mpaka mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Mwaka 1996 halmashauri ya jiji ikavunjwa tena, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja hadi mwaka 2000. Wapo wanaosema, tena kwa haki, kwamba Tume ile ilisafisha mji kuliko madiwani waliotangulia. Kisha 2021. Mara tatu chombo cha mji mkubwa kuliko yote nchini kimefutwa kwa uamuzi wa juu, na sikumbuki hata mara moja wakazi wakiulizwa kwa kura. Najiuliza kama ingekuwa rahisi hivyo kukifuta kiti ambacho watu milioni moja na zaidi wamepanga foleni kukijaza.

Waheshimiwa, sitaki mnipe meya wa kuchaguliwa asiye na kazi. Hili nalisisitiza kwa sababu ni rahisi sana kutupa karatasi ya nne na kubaki na ofisi tupu.

Angalieni kilichobaki mikononi mwa halmashauri ya mjini leo. Barabara za mitaa zilihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Maji ni ya DAWASA. Mabasi yaendayo haraka yana wakala wake, DART. Daladala na bodaboda zina mdhibiti wa usafiri wa ardhini, LATRA. Kodi ya majengo, ambayo katika miji mingi duniani ndiyo uti wa mgongo wa mapato ya mji, ilipelekwa Mamlaka ya Mapato, TRA, mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU tunaponunua umeme; mpangaji wa chumba kimoja Manzese anakatwa bila kujua kwamba analipa kodi ya jengo la mtu mwingine, na wala hajui ilikoenda. Mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji mkuu na msimamizi wa fedha, anateuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa vilevile. Meya anabaki na kuongoza vikao, kukata utepe na kupokea wageni.

Kwa hiyo jambo kubwa likitokea mjini, hakuna anayemtafuta meya. Oktoba 2021 wamachinga walipoondolewa kando ya barabara na kupelekwa maeneo waliyopangiwa, agizo lilishuka kutoka juu na ngazi ya mkoa ikalisimamia. Novemba 2024 jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu, Rais ndiye aliyeagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe, na Waziri Mkuu akaunda timu. Nchi nzima ilikaa kusubiri viongozi wa kitaifa waseme kuhusu kibali cha ujenzi na ukaguzi wa jengo, mambo ambayo kila siku ni kazi ya mji. Sijasikia mtu akiuliza meya yuko wapi. Hakuuliza kwa sababu alijua jibu halitasaidia.

Naomba basi sheria itakayompa meya kura za watu impe na vitu vinavyoshikika. Kodi ya majengo irudi mijini, hata kama itaendelea kukusanywa kwa LUKU kwa kuwa njia hiyo ni rahisi. Vipaumbele vya barabara za mitaa na mifereji vipangwe na halmashauri, TARURA itekeleze. Mkurugenzi aombe kazi kwa ushindani, ahojiwe na chombo huru cha ajira, na athibitishwe na Baraza la Madiwani. Meya awe na haki ya kumwita na kumdai maelezo. Na meya wa Dar es Salaam nzima apewe mambo machache tu yasiyogawanyika: taka, mito na mifereji mikuu, usafiri wa umma, na mpango wa matumizi ya ardhi. Zahanati, shule za msingi, masoko ya mtaani na leseni ndogondogo zibaki kwenye halmashauri tano. Sidhani kama tunahitaji rundo la madiwani wapya kwa ajili ya ngazi hiyo ya juu. Mameya watano wa halmashauri na wajumbe wachache kutoka kila baraza wangetosha kuisimamia.

Majirani wametutangulia, na makosa yao ni mali kwetu tukitaka kujifunza.

Kampala ndiyo shule kubwa. Sheria ya mwaka 2010 iliunda mamlaka ya jiji la Kampala, na mwaka 2011 wakazi wakamchagua Erias Lukwago kuwa Lord Mayor kwa kura zao wenyewe. Lakini sheria hiyohiyo ilimweka Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais, mwenye fedha na wafanyakazi mikononi, na juu yake waziri wa Kampala. Meya akabaki na kura za watu, mkurugenzi na bajeti. Walivutana tangu mwanzo. Novemba 2013 madiwani wakamwondoa meya, mambo yakaishia mahakamani, na kwa muda mrefu hakuweza kuingia ofisini kwake. Mwaka 2016 wakazi wakamrudisha kwa kura, na 2021 tena. Hapo pana mafunzo mawili: watu wakishapewa kura ya meya wanaishika kwa nguvu, na ukigawa uhalali upande mmoja na mamlaka upande mwingine, mji unakaa katikati ukiumia. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na pale Kampala sheria ndiyo iliyowafungia humo.

Zambia nayo ilibadili Katiba yake mwaka 2016, na tangu uchaguzi wa Agosti mwaka huo wakazi wa Lusaka, Kitwe na miji mingine wanamchagua meya moja kwa moja. Nairobi ilipata gavana wa kuchaguliwa mwaka 2013. Lakini 2020 kazi zake kubwa zilihamishiwa chombo cha serikali kuu kilichoongozwa na jenerali, na gavana aliyekuwepo akaondolewa mwishoni mwa mwaka huo. Kumbe hata kura ya moja kwa moja haizuii uongozi mbovu. Inachofanya ni kumpa mwananchi siku ya kurekebisha. Na kwa anayedhani utaratibu wetu wa kuchaguliana ukumbini unaleta utulivu, atazame Johannesburg, ambako meya huchaguliwa na madiwani: tangu uchaguzi wa 2021 wamebadilisha mameya mara kwa mara, kila muungano wa vyama unapovunjika.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni gharama. Karatasi ya nne ina gharama yake, ni kweli, lakini kituo ni kilekile, msimamizi ni yuleyule, siku ni ileile, wino ni uleule. La pili ni kwamba matajiri watanunua umeya. Mimi naona kinyume chake: kununua watu mia na hamsini waliokaa hoteli moja ni rahisi kuliko kununua Temeke nzima. La tatu lina uzito zaidi, nalo ni kwamba meya anaweza kutoka chama kimoja na madiwani wengi wakatoka kingine, wakakwamishana. Inawezekana. Ndiyo maana sheria iseme wazi bajeti ikikwama nini kifanyike, na ni mambo gani meya anaweza kuamua bila baraza. Mbona Rais na Bunge tumewapangia? Kwa mujibu wa Katiba, Bunge likikataa bajeti ya Serikali Rais anaweza kulivunja, na wote wanarudi kwa wananchi. Kitu cha namna hiyo, kwa kipimo cha mji, kinaandikika.

Na kumwondoa meya kusiwe tena kazi ya kikao kimoja cha asubuhi. Madiwani wabaki na haki ya kuanzisha hoja kwa theluthi mbili, kwa makosa yaliyotajwa na baada ya uchunguzi, lakini neno la mwisho liwe la waliomchagua, kwa uchaguzi mdogo ndani ya muda mfupi uliowekwa na sheria.

Najua pia barua hii inafika wakati mgumu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, na siku zilizofuata, Watanzania walipoteza maisha. Intaneti ilizimwa, na hapa Dar es Salaam tukatangaziwa kutotoka nje usiku. Wapo walioondoka nyumbani hawakurudi, na zipo familia ambazo hadi leo zinataka majibu. Kwa watu hao, habari za meya zinaweza kusikika kama kejeli. Sitaki kukipunguza kilio chao, na sidai kwamba karatasi ya nne ingezuia yale. Ila naamini hasira ya namna ile hailelewi kwa siku moja. Inalelewa na miaka ya kuona kwamba hata mtaro wa mtaani kwako, taka za mlangoni kwako, eneo la kuuzia nyanya, vyote vinaamuliwa na mtu uliyeletewa. Kijana wa Tandale mwenye miaka ishirini na mitatu hajawahi katika maisha yake kumwona kiongozi wa mji huu akija kumwomba kura, akaahidi jambo, akashindwa, na akaondolewa na haohao aliowaahidi. Mambo haya hujifunzwa kwa kuyafanya, na mahali pa kuanzia ni karibu na nyumbani.

Ndiyo maana naomba pia uchaguzi huo wa meya uwe huru kwa maana ambayo mpinzani wa serikali ataikubali. Msimamizi wake asiwe mkurugenzi wa halmashauri wala mtumishi aliye chini yake, kwa kuwa mkurugenzi ndiye atakayefanya kazi na mshindi. Wagombea wasienguliwe kwa kosa la kujaza fomu ambalo lingesahihishwa kwa dakika tano kaunta. Na mtu asiye na chama aruhusiwe kugombea. Mhandisi mstaafu, mwalimu au mfanyabiashara anayeheshimika Kariakoo anaweza kuujua mji kuliko wote, na hana haja ya kadi yoyote ili asimamie taka. Kipengele hiki ndicho kitakachokuwa kigumu, kwa sababu Katiba yetu ya sasa imefunga mlango wa mgombea binafsi katika ubunge na urais, na sheria ya uchaguzi imeufunga katika udiwani. Umeya hautajwi katika katazo hilo la Katiba, nafasi ipo, na naomba msiifumbie macho.

Uchaguzi ujao ni 2030. Muswada wa kurekebisha Sura ya 288 na ile sheria ya 2024 ukifika bungeni kabla ya mwisho wa 2027, Tume itakuwa na muda wa kuandaa kanuni, kuelimisha wapiga kura na kuchapa karatasi bila papara, na vyama vitakuwa na muda wa kutafuta watu wanaostahili. Mkikawia hadi 2029, tutaambiwa muda hautoshi.

Mtakapoitisha maoni ya wadau, msiishie kwenye ukumbi wa kamati Dodoma na asasi zilezile za kila mwaka. Njooni Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta, Kimara na Kimbiji, jioni, watu wakiwa wameshatoka kwenye mihangaiko. Tangazeni wiki mbili kabla kwa kipaza sauti cha serikali ya mtaa, maana wengi wetu hatusomi Gazeti la Serikali. Mimi nitakuja, na majirani zangu nitawaleta. Tutakuja na maswali kuhusu mifereji.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi na mpiga kura wa Tabata,
Dar es Salaam